Kijani Kinachonukia Nazi

Mparachichi unaooza mizizi hulalamikia juu. Majani mapya hutoka madogo, yamepauka, yananing'inia hata asubuhi iliyofuata mvua ya usiku kucha. Ncha za matawi hukauka moja moja. Mwenye shamba akiona majani yamelegea hudhani mti una kiu, hufungulia maji, na hapo ndipo anapoumaliza. Kinachopotosha zaidi ni kwamba mti huo huo, ukiwa taabani, waweza kubeba matunda mengi kupita kawaida, madogo madogo, yaliyobabuka kwa jua kwa kukosa majani ya kuyafunika. Mtu husimama chini yake akahesabu mapato.

Fundi wa kuvu, yule anayefuga kuvu za kulinda mizizi, hatazami juu kwa muda mrefu. Hupiga magoti pale kivuli cha matawi kinapoishia, akafukua kwa vidole, kwa sababu mizizi ya kunyonya ya mparachichi hukaa juu juu na jembe lingeikata kabla hajaiona. Anatafuta ncha nyeupe. Mizizi hii haina vinyweleo vya kutosha kama ya mimea mingine, kwa hiyo mti mzima unategemea ncha hizo changa, nene kidogo, zenye rangi ya krimu. Akizikuta nyeusi, zinazokatika kwa kuguswa, ameshajua. Asipozikuta kabisa, amejua zaidi.

Sifa za parachichi la Hass, kuanzia Njombe na Rungwe hadi Siha na Murang'a, huenda kwa watu wengine: mbebeshaji aliyefunga kikonyo kwenye mche wa kienyeji kikashika, mnunuzi aliyepata soko Ulaya, dereva aliyefikisha kontena la baridi bandarini. Fundi wa kuvu hasifiwi, maana kazi yake ikifaulu hakuna kinachotokea. Mti uliokuwa mzima unabaki mzima, na jirani atasema udongo wa pale ni mzuri tu.

Anayepambana naye ana ujanja unaostahili heshima. Ni fitoftora ya mdalasini, aliyoieleza kwa mara ya kwanza R. D. Rands mwaka 1922 kutoka kwenye midalasini iliyokuwa ikifa huko Sumatra. Tangu hapo imekutwa kwenye aina zaidi ya elfu moja za mimea, na katika nchi nyingi zinazolima parachichi. Kwa macho inafanana na kuvu, na vitabu vya zamani viliiweka huko. Sivyo. Ukoo wake uko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini, na ukuta wa seli zake umejengwa zaidi kwa selulosi na glukani, ilhali kuvu halisi hutumia kitini. Maumbile hayo tofauti ndiyo yanayofanya dawa nyingi za kuua kuvu ziipite bila kuidhuru.

Tena inaogelea. Udongo ukijaa maji, hata kwa saa chache, vifuko vyake hupasuka na kuachia vijimbegu vyenye mikia miwili. Hivyo hufuata sukari na asidi zinazovuja kwenye ncha ya mzizi, hutua, hupoteza mikia, huota na kupenya. Mambo yakiwa magumu, ukame ukiingia, huacha ardhini vijimbegu vya ganda nene vinavyoweza kungoja kwa miaka. Kwa hiyo husafiri kwa kila njia inayosafirisha maji au matope: kwa mfongo, mfereji wa maji unaopita shamba hadi shamba, kwa jembe la kuazima, kwa viatu vya bwana shamba mwenyewe, na zaidi ya yote kwa kiriba cha mche ulionunuliwa kwa bei nafuu barabarani.

Dhidi ya adui huyu, fundi hufuga kuvu iitwayo trikoderma. Jina hilo lilitolewa mwaka 1794 na Christiaan Hendrik Persoon, mzaliwa wa Rasi ya Tumaini Jema aliyepelekwa Ulaya akiwa mtoto, akawa mmoja wa waasisi wa elimu ya kuvu. Kwa zaidi ya karne nzima trikoderma ilibaki kitu cha wataalamu wa majina, kuvu ya kijani inayoota kwenye magogo na udongo, isiyo na kesi na mtu. Mwaka 1932 Richard Weindling, katika kituo cha utafiti wa michungwa cha Riverside, California, akachapisha alichokiona kwenye hadubini. Miche ya michungwa ilikuwa ikianguka kitaluni kwa ugonjwa wa kuvu nyingine, raizoktonia. Alipoziweka hizo mbili kisahani kimoja, nyuzi za trikoderma zilizielekea nyuzi za mwenzake, zikajizungusha juu yake mzunguko baada ya mzunguko, na zile zilizozungukwa zikanywea. Mwaka 1934 alionyesha kwamba mshambuliaji hutumia pia sumu anayoitengeneza mwenyewe.

Ukali wake juu ya selulosi uligunduliwa mahali pasipotarajiwa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia hema na nguo za pamba za jeshi la Marekani zilikuwa zikioza katika Visiwa vya Solomon. Kwenye turubai moja ilipatikana trikoderma ambayo Elwyn Reese na wenzake katika maabara ya jeshi waliihifadhi na kuichunguza kwa miaka mingi. Uzao wake leo uko viwandani ukitengeneza vimeng'enya, vikiwemo vya kulainishia nguo za jinzi. Pamba ni selulosi. Ukuta wa fitoftora nao una selulosi. Aina zinazofugwa kwa ajili ya mashamba si ile ya turubai, ila ukoo ni mmoja na meno ni yale yale.

Ningependa nikae kidogo Riverside, maana kituo hicho hicho kilifundisha jambo ambalo wauzaji wengi wa dawa bado hawajalikubali. Michungwa ya California ilikuwa na ugonjwa mwingine wa mizizi, ule wa kuvu armilaria, inayotembea chini ya ardhi kwa kamba nyeusi kutoka kisiki hadi mti mzima. Wakulima walifukiza udongo kwa gesi ya kaboni disulfidi. Mwaka 1951 Donald Bliss alichapisha matokeo yake: gesi ilikuwa ikiidhoofisha armilaria tu, na aliyekuwa akiimaliza, wiki kadhaa baadaye, alikuwa trikoderma iliyobaki hai ndani ya udongo ule ule. Watu walilipa gesi sifa ya kazi iliyofanywa na kuvu.

Na kabla ya Bliss kulikuwa na R. Leach, Nyasaland, ambayo sasa ni Malawi. Wafungua mashamba ya chai walikata misitu, na visiki vikageuka ghala la armilaria. Leach, katika kazi aliyoichapisha mwaka 1937, alipendekeza mti uchunwe gome kuzunguka shina kwanza, kisha uachwe usimame ukifa polepole. Mti uliochunwa hivyo hutumia akiba yote ya wanga iliyo mizizini kabla ya kufa. Armilaria ikija inakuta ghala tupu, na kuvu zisizo na madhara, zinazoridhika na makombo, zimeshakaa. Hakuna kilichonyunyizwa. Hakuna kilichonunuliwa. Mtu alielewa tu nani hula nini, na lini, akapanga mambo ili asiye na madhara atangulie. Kwangu mimi huo ni ufundi wa kiwango cha juu kabisa, na nasikitika kwamba wengi wanaofyeka mapori leo wapande parachichi hawajawahi kuusikia.

Kutangulia ndiko kazi yote ya fundi wa kuvu. Mzizi ni nyumba isiyokaa tupu. Asipoweka mpangaji mwema, mwingine ataingia bila kubisha hodi.

Sasa twende jikoni, maana ni jikoni hasa. Chakula cha trikoderma kinachopatikana kwetu kwa urahisi ni chenga za mchele. Mtama nao hufaa, hata pumba ikichanganywa vizuri. Chenga huoshwa, hulowekwa, halafu huchemshwa nusu. Mpishi wa nyumbani angeona aibu kuipakua: kiini bado kigumu, punje hazijapasuka, kila moja imesimama peke yake. Wali ukiiva ukashikana, hewa haipiti, kuvu huota juu tu kama ngozi na katikati bakteria huchachua. Ukiwa mkavu mno, kuvu haina maji ya kuanzia. Nimemwona mwanamke mmoja akichukua chenga kiganjani, akizifinya na kuzifungua. Zikibaki bonge anazitandaza zipoe na kukauka zaidi, zikitawanyika anazitia mifukoni. Hapimi. Mikono yake imeshapima.

Mifuko hujazwa isizidi nusu, mdomo hufungwa kwa pamba ili hewa ipite na vumbi lisipite, kisha huingia kwenye sufuria ya presha, au kwenye pipa la mvuke kwa saa kadhaa. Ikitoka huachwa ipoe mpaka ishikike bila kuunguza. Pupa hapa huharibu kila kitu: chenga za moto huua mbegu, na anayefungua mfuko ukingali unatoa mvuke hufyonza hewa ya chumba ndani.

Mbegu mama hutoka maabara, ikiwa safi, kwenye chupa au kisahani. Kuihamishia mifukoni huchukua muda mfupi sana, na ni muda huo unaomtofautisha fundi na mtu aliyesoma maelekezo. Madirisha yamefungwa. Feni imezimwa. Mikono na meza vimepanguswa kwa spiriti, taa ya spiriti inawaka, na kazi yote inafanyika karibu na mwali wake. Hakuna anayezungumza, kwa sababu mdomo wa binadamu ni kiwanda cha bakteria. Mfuko hufunguliwa, mbegu huingia, mfuko hufungwa, na mwendo ni mmoja, bila kurudia. Wageni wanaotaka kupiga picha huambiwa wangoje nje.

Halafu kungoja, katika chumba chenye kivuli na joto la nyuzi 25 hadi 28 hivi. Siku ya pili nyuzi nyeupe zinaonekana, nyembamba kama utando. Siku ya tatu fundi huchukua kila mfuko akautikisa na kuuvunjavunja kwa vidole kwa nje, ili punje zilizoshikwa zichanganyike na ambazo bado. Kijani huanza kwa madoa, huungana, na ndani ya wiki moja hivi mfuko mzima umekuwa kijani kibichi cha kukolea. Kijani hicho ni vijimbegu vyenyewe, mamilioni juu ya mamilioni katika kila gramu.

Mfuko mzuri una harufu. Baadhi ya aina za trikoderma hutoa kemikali ambayo viwanda vya chakula huitumia kutia ladha ya nazi, na kemikali hiyo ni mojawapo ya silaha zao dhidi ya kuvu nyingine. Fundi hapeleki pua mfukoni, kwani vijimbegu si vya kuvuta mapafuni, na barakoa yupo nayo. Hufungua kidogo, akapunga hewa kwa mkono imfikie. Mwenye pua iliyokulia Pwani ana faida hapo. Harufu ya uchachu ni bakteria, mfuko utupwe. Rangi ya chungwa ni kuvu ya mkate, inayoenea chumba kizima kwa siku moja ikipewa nafasi. Mfuko utolewe bila kufunguliwa. Nyeusi, utupwe. Na kuna rangi moja inayohitaji jicho la subira kuliko zote: kijani chenye umanjano.

Hiyo yaweza kuwa aspajilasi inayotengeneza sumukuvu. Haiko mbali nasi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumu hiyo yaliwaua watu 125 kati ya wagonjwa 317 waliojulikana, na mwaka 2016 maafa ya namna hiyo yaliikumba Tanzania ya kati. Inapenda nafaka yenye unyevu na joto, ambavyo ndivyo hasa fundi amevitayarisha mfukoni. Asiyeweza kutofautisha kijani cha kukolea na kijani cha umanjano hapaswi kufuga kuvu nyumbani kwake, anunue. Nasema hivyo bila kuomba radhi, ingawa najua darasa la kutengeneza mwenyewe lina mvuto na linapunguza gharama. Na chenga zilizokataliwa hazipewi kuku.

Kuna jirani mwingine ambaye kijani hiki kwake ni msiba: mkulima wa uyoga. Kuvu inayoulinda mparachichi huingia kwenye mifuko ya uyoga, hula chakula chake, huula na uyoga wenyewe, na banda zima hugeuka kijani. Ni kiumbe kile kile, na tabia ile ile. Fundi mwenye adabu hauweki mradi wake upande unakotoka upepo wa banda la uyoga.

Chenga za kijani haziendi shambani moja kwa moja, au zisiende. Huchanganywa na mboji, kilo moja au mbili kwa kilo 100, na mboji hiyo iwe imeiva na kupoa. Samadi mbichi huchemka yenyewe na kuzipika kuvu pamoja na kila kitu. Rundo hunyunyiziwa maji mpaka ukilifinya lishikane bila kudondosha tone, hufunikwa kwa majani ya migomba au magunia, hukaa kivulini wiki moja au mbili, na hugeuzwa katikati ya kipindi. Fundi akilifunua huona utando mweupe umetanda kati ya vipande vya majani, hapa na pale pameanza ukijani. Kuvu imeshazoea maisha ya nje, ina chakula cha safari. Inayopelekwa shambani ikiwa vijimbegu vitupu, kwenye udongo mkavu usio na mboji, hukuta njaa na wenyeji wakali, na sehemu kubwa yake hufa.

Wakati wa kuweka ni mwanzo wa mvua, jioni au siku ya mawingu, kwa sababu mionzi ya jua huua vijimbegu. Mboji hutandazwa kuzunguka mti, chini ya kivuli cha matawi hadi ukingo wake, ikiacha nafasi shinani. Juu yake matandazo. Haichimbiwi, mizizi itapanda yenyewe kuifuata, na mtu akifunua miezi michache baadaye hukuta ncha nyeupe zimeingia ndani ya matandazo. Dawa za shaba, na nyingi za zile za kuua kuvu, hazipigwi karibu. Nimeona shamba ambako trikoderma ilimwagwa Jumatatu na dawa ya kuua kuvu Ijumaa, kwa ratiba iliyobandikwa ukutani, zote mbili zimenunuliwa duka moja.

Kuhusu matandazo kuna habari ya Australia ambayo mafundi huipenda, nami pia. Mlima Tamborine, Queensland, mkulima wa parachichi Guy Ashburner aliendelea kuvuna wakati mashamba ya wengine yakiangamia kwa fitoftora. Alikuwa akipanda mimea ya kufunika ardhi, akiikata na kuilaza, akiongeza samadi ya kuku na chokaa ya dolomaiti, mwaka hadi mwaka, akijaribu kuifanya ardhi ya shamba ifanane na ya msitu. Wanasayansi Broadbent na Baker walipouchunguza udongo wake na wa aina hiyo, katika kazi waliyoichapisha mwaka 1974, walikuta fitoftora imo humo. Haikufukuzwa. Ilikuwapo, na miti ilikuwa mizima. Udongo ulijaa viumbe vidogo, kuvu na bakteria, kiasi kwamba fitoftora haikupata upenyo. Baadaye watafiti wa California walionyesha upande mmoja wa siri hiyo: kuvu zinazoozesha matandazo ya vipande vya miti hutoa vimeng'enya vya kuyeyusha selulosi, na vimeng'enya hivyo huichakaza fitoftora iliyo ndani ya matandazo.

Ndiyo maana fundi mzuri anaonekana, kwa mgeni, kama mtu anayehangaikia takataka. Anauliza mabua ya mahindi yanapelekwa wapi, nani anachoma majani, kiwanda cha mbao kinatupa wapi vipande vyake. Njombe na Mufindi, kwenye mashamba ya miti, hilo ni swali lenye majibu mengi. Trikoderma bila chakula ni mgeni wa siku mbili. Methali husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji sharti amlishe kwanza.

Kitaluni kazi ni ya kinyume: usafi kwanza, kisha ukarimu. Kokwa za parachichi zilizookotwa chini zaweza kuwa zimebeba fitoftora, kwa hiyo hutumbukizwa kwenye maji ya nyuzi 49 hadi 50 kwa nusu saa, kisha hupozwa na kukaushwa. Joto likizidi hapo, kokwa inakufa. Likipungua, adui anabaki. Mafundi wasio na mtambo hukaa na kipimajoto mkononi, maji ya moto upande huu na ya baridi upande ule, wakiongeza kikombe kimoja kimoja. Nusu saa hiyo hawajibu simu. Viriba huwekwa juu ya vichanja au kokoto, visiguse ardhi, na bomba la maji halilazwi matopeni.

Lakini udongo uliosafishwa kupita kiasi nao una adhabu yake. Miche ya michungwa katika vitalu vya California vilivyofukizwa gesi ilikuwa ikidumaa, majani manjano, na watu walidhani ni sumu iliyobaki. Mwaka 1972 Kleinschmidt na Gerdemann walionyesha kwamba kilichokosekana ni kuvu, zile za mikoriza zinazoishi ndani ya mizizi na kuiletea fosforasi kutoka mbali. Gesi ilikuwa imeua wabaya na wahudumu pamoja. Tangu hapo kanuni ya kitalu chenye akili ni kusafisha halafu kujaza haraka: trikoderma na mikoriza huingia kwenye kiriba mapema, wakati mzizi ni mmoja na haujakutana na mtu. Mche unaotoka kitaluni tayari una wakazi una nafasi ambayo mti wa miaka kumi haupati tena.

Kuna jaribio dogo ambalo mafundi waangalifu hulifanya kabla ya kupanda, lililotokana na kazi ya wenzake wa Riverside na ya George Zentmyer mwenyewe, ambaye aliitumikia fitoftora, ikiwa neno hilo linafaa, maisha yake yote ya kazi. Udongo wa shamba huwekwa kikombeni, parachichi gumu lisiloiva huchomekwa humo, maji hujazwa juu ya udongo na tunda likabaki limetokeza. Kama fitoftora imo, vijimbegu vinaogelea, na baada ya siku chache madoa ya kahawia, makavu na magumu, hutokea kwenye ganda kwenye usawa wa maji. Ni maabara ya bei ya parachichi moja. Madoa laini yanayonuka hayahesabiwi, ni uozo wa kawaida.

Nisiache kusema mipaka ya ufundi huu, maana vifurushi vya madukani haviisemi. Kifurushi halali kina namba ya usajili, ya TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa Tanzania au ya Bodi ya Kudhibiti Viuatilifu kwa Kenya, kina tarehe, na kinataja idadi ya vijimbegu hai kwa gramu. Kilichoanikwa dirishani mwa duka kikipigwa na jua la saa nane mchana kimebaki na namba ya usajili tu. Hata kikiwa hai, hakirudishi mizizi iliyokwisha kufa. Mti uliopoteza theluthi ya majani una nafasi ya kurudi ukipunguziwa matawi, ukawekewa matandazo, na mara nyingi ukachomwa sindano ya fosfonati shinani, njia iliyokuzwa Queensland na kina Ken Pegg katika miaka ya 1980. Fundi hana kinyongo na sindano hiyo. Anaichukua kama muda aliokopeshwa ili kuvu zake zipate kukaa.

Kwenye kinyungu hagusi kabisa. Bonde linalolimwa mboga kiangazi kwa sababu maji yako karibu ndilo bonde ambalo fitoftora inaogelea masika yote, na hakuna idadi ya chenga za kijani itakayobadilisha hilo. Mteja akisisitiza, jibu ni mtaro kwanza, matuta mapana ya kupandia pili, kuvu baadaye. Wengine huenda kununua kwingine.

Kilichobaki ni kujua kama inafanya kazi, na hapa ndipo ninapomheshimu fundi kuliko popote. Mti uliopona waweza kuwa umepona kwa sababu ya mtaro, au matandazo, au mvua chache za mwaka huo. Kwa hiyo yule mkweli huacha mistari michache bila trikoderma, yenye matandazo yale yale na maji yale yale, akaitia alama kwa mawe yaliyopakwa rangi, na kila baada ya masika hufukua pande zote mbili akalinganisha ncha nyeupe. Kwenye shamba kubwa hilo linawezekana. Mwenye miparachichi ishirini, anayelipia ada za shule kwa miparachichi hiyo hiyo, hakubali mitano iachwe, na sioni wa kumlaumu. Fundi hushusha bei ya mfuko mpaka akubali miwili.